Kazi za kufanyia nyumbani: kabla hujalipa ada wala kutuma kitambulisho, uliza ni nani anayeinunua kazi hiyo

Mhariri wa Mbale (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Maswali yanayoletwa hapa kuhusu kazi za kufanyia nyumbani yamekuwa yakifanana kwa muda mrefu sasa. Mtu ametumiwa tangazo kwenye WhatsApp, ameonyeshwa tovuti nzuri na cheti cha usajili wa kampuni, kisha anauliza kama ni halali. Majibu huwa mawili tu, "hao ni matapeli" au "mbona mimi walinilipa", na aliyeuliza hubaki palepale. Nimefungua uzi huu ili tujadili namna ya kupima, kwa sababu orodha za majina ya matapeli huchakaa upesi. Wakishajulikana hubadili jina na laini za simu, na orodha yako haina kazi tena.

Kipimo ninachokitegemea ni swali moja: ni nani anayeinunua kazi hii, na atapungukiwa na nini isipofanywa? Ukiniambia kuna mahojiano ya saa mbili yanayotakiwa kunukuliwa kwa maandishi, mnunuzi namwona mara moja: ni mtafiti, wakili au mtengeneza filamu ambaye kazi yake itakwama bila maandishi hayo. Ukiniambia unalipwa shilingi 3,000 kila unapobofya alama ya kupenda video, simwoni mnunuzi hata nikimtafuta kwa taa. Hata kama yupo mtu anayetaka kupendwa kwa uongo, kuna mitambo inayofanya hivyo kwa bei ya chini sana, kwa hiyo hana sababu ya kukulipa wewe. Pasipo na mnunuzi, fedha za malipo zinatoka kwa wafanyakazi wenyewe, yaani kwako na kwa watakaokufuata.

Aina hii ya utapeli inastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayowanasa watu wenye akili timamu. Huanza kwa ujumbe kutoka namba usiyoijua, mara nyingi yenye picha ya mwanamke mwenye adabu anayejitambulisha kuwa afisa ajira. Unapewa kazi tatu au nne ndogo, na malipo yake yanaingia kweli kwenye simu, shilingi 10,000 au 15,000. Malipo hayo ndiyo chambo. Baada ya hapo unahamishiwa kwenye kundi la Telegram ambako wenzako wanapongezana na kubandika picha za skrini zenye mamilioni, na wengi wa wenzako hao ni watu wale wale wanaoendesha mchezo. Kisha zinakuja "kazi za kulipia kwanza": weka 50,000 upate 70,000, weka 200,000 upate 300,000. Kwenye tovuti yao salio lako linapanda kila siku, lakini salio hilo ni tarakimu zilizoandikwa kwenye ukurasa ambao wao ndio wanaoumiliki. Ukitaka kutoa fedha unaambiwa umefanya kosa katika mpangilio wa kazi, au kuna kodi ya asilimia fulani ya kulipa kwanza, au akaunti imefungwa mpaka uongeze amana. Hapo mtu hukopa kwa jamaa, kwa sababu anaona kwamba ameshatia fedha nyingi mno kuziacha.

Wala si Waganda peke yao wanaoingia. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilieleza kwamba mwaka 2020 haikupokea malalamiko yoyote ya utapeli huu wa kazi ndogondogo, mwaka mzima wa 2023 ilipokea takriban 5,000, na katika miezi sita ya kwanza ya 2024 pekee yakafika takriban 20,000. Hapa kwetu tuliona kampuni ya Dunamiscoins ikifunga milango Desemba 2019 huku wateja wakiwa wamesimama nje, na mwaka 2023 tukaona BLQ, iliyojitangaza kuwa programu ya kubashiri mpira, ikizimika na fedha za watu. Hizo zilijiita uwekezaji wala hazikujiita ajira, lakini ukiuliza swali langu la mnunuzi unapata jibu lile lile.

Neno moja kuhusu vyeti. Cheti cha Ofisi ya Usajili ya Uganda, URSB, kinathibitisha kwamba jina limesajiliwa na kwamba kampuni ina wakurugenzi na anwani. Hakithibitishi kwamba biashara ni ya kweli, kama vile kitambulisho cha taifa kisivyothibitisha kwamba mwenye nacho ni mwaminifu. Hata hivyo kitafute, kwa sababu kampuni isiyokuwa hata na usajili huo imeshakujibu.

Karibuni kwa michango.

Kijana wa Kasese

Asante sana, dada Mhariri. Nimekuelewa, lakini nina jambo linalonichanganya. Kila mahali tunaambiwa kwamba kazi halali haidai fedha kutoka kwa mfanyakazi. Nilipojiunga na Upwork, jukwaa la mtandaoni la kutafutia wateja, nikakuta kwamba kutuma maombi ya kazi kunahitaji vitu vinavyoitwa Connects, na vikiisha unavinunua kwa dola. Kuna kijana mwingine hapa mjini anayetoza 150,000 kwa mafunzo ya kazi za mtandaoni na anaahidi kukuunganisha na mteja. Wote wawili wanataka fedha yangu kabla sijalipwa. Nitawatofautishaje?

Fundi wa Ntinda

Kaka wa Kasese, swali lako ni zuri kuliko majibu mengi niliyowahi kusoma juu ya jambo hili, kwa hiyo niruhusu nilijibu kwa urefu. Mimi hutengeneza tovuti na nimeishi kwa kazi za namna hii kwa miaka kadhaa.

Kanuni ya "usilipe kamwe" inafaa kwa mtu anayeanza, lakini ni butu. Kanuni iliyo kali zaidi ni kutazama mwenye jukwaa anapata faida yake wapi. Connect moja huuzwa senti 15 za dola, na ombi moja linaweza kula kadhaa, lakini mapato makubwa ya jukwaa yanatokana na asilimia inayokatwa kwenye malipo ya wateja. Fiverr, jukwaa jingine la aina hiyo, hukata asilimia 20 ya kila malipo unayopata. Ni kubwa na inauma, lakini maana yake ni kwamba usipopata mteja wao pia hawapati. Yule kijana wa mafunzo amepata 150,000 zake siku ya kwanza, uwe umepata mteja au hukupata. Sisemi kwamba kila anayefundisha ni mwizi. Nasema kwamba anayefundisha anauza mafunzo, na akiongeza ahadi ya mteja basi anauza kitu ambacho hanacho. Mwambie achukue ada yake kutoka kwenye malipo yako ya kwanza, halafu usikilize atakachosema.

Ukiwa ndani ya jukwaa kama Upwork kuna mambo manne ya kutazama kwenye tangazo la kazi kabla hujatumia Connects zako: kama njia ya malipo ya mteja imethibitishwa, ameshalipa kiasi gani kwa wengine hapo awali, wafanyakazi wa zamani wameandika nini kumhusu, na kama anakutaka muhamie WhatsApp au Telegram kabla ya mkataba. La nne ndilo kubwa. Kwa kazi ya bei moja, mteja huweka fedha amana kwenye jukwaa kabla hujaanza, na usipoona kwamba zimewekwa usianze. Mkishatoka nje ya jukwaa, amana hiyo haipo, na kwa masharti ya Upwork mteja uliyempata humo haruhusiwi kukulipa nje kwa miaka miwili isipokuwa ada ya kuhama imelipwa. Tapeli anakutoa nje kwa sababu ndani kuna macho.

Jambo moja la hapa kwetu ambalo wageni hawalijui. Facebook imefungwa nchini tangu Januari 2021, kwa hiyo wengi wetu tuna VPN, programu inayokuonyesha kama uko nchi nyingine, kwenye simu na kompyuta, na tunaisahau ikiwa imewashwa. Ukiingia kwenye akaunti ya kazi leo ukiwa "Uholanzi", kesho "Singapore" na keshokutwa Kasese, mfumo unakuona kama mtu aliyeiba akaunti au anayeficha nchi yake, na kufungiwa si jambo la ajabu. Izime kabla ya kufungua jukwaa la kazi.

Mama wa Bombo

Hodi wanangu. Binti yangu amemaliza kidato cha sita na anasubiri matokeo. Amepata kazi ya kuchapa kurasa za vitabu zilizopigwa picha, kampuni inasema iko ng'ambo. Hawakumdai fedha yoyote, wakampa mkataba akasaini kwa simu, na kurasa 300 wakampa siku kumi. Amechapa usiku na mchana. Sasa wanasema kazi yake ina makosa zaidi ya yanayoruhusiwa, amevunja mkataba, na anatakiwa kulipa 480,000 au watampeleka mahakamani. Wametuma hata karatasi yenye muhuri wa wakili. Mtoto halali. Nifanyeje?

Wakili wa Masindi

Shikamoo mama. Kwanza mwambie binti alale.

Mtindo huu ni wa zamani na umezunguka nchi nyingi. Kazi yenyewe imepangwa ili ishindikane: picha zenye ukungu, muda mfupi, na kiwango cha makosa ambacho mtu wa kawaida hawezi kukifikia. Walichokuwa wakikisubiri tangu siku ya kwanza ni hiyo faini. Ukitumia kipimo cha mleta mada utaona tatizo lake: kuna programu za kompyuta zinazosoma maandishi kwenye picha kwa dakika chache, basi ni nani anayelipa binadamu achape upya kitabu ambacho tayari kimechapwa?

Kuhusu mahakama, hati ya kuitwa shaurini hutolewa na mahakama yenyewe, huwa na namba ya shauri, jina la mahakama na muhuri wake, na hupelekwa kwa utaratibu wa kisheria. Muhuri wa wakili kwenye picha ya WhatsApp hauwezi kumlazimisha mtu kulipa chochote. Wakili wa kweli akikudai huandika barua yenye anwani ya ofisi yake, na jina lake unaweza kuliulizia kwenye Chama cha Wanasheria cha Uganda ili ujue kama yupo na ana leseni ya mwaka huu. Pamoja na hayo, mkataba uliojengwa juu ya udanganyifu haumfungi aliyedanganywa jinsi wanavyotaka aamini.

Asilipe hata shilingi moja, kwa sababu anayelipa mara ya kwanza hupandishiwa deni. Asiwajibu tena, lakini asifute ujumbe wao. Apige picha za skrini za mazungumzo yote, namba zao na huo mkataba. Kama aliwatumia picha ya kitambulisho cha taifa, nendeni kituo cha polisi kilicho karibu muandikishe taarifa na mpewe namba ya kumbukumbu ya kituo, ile tunayoiita SD. Namba hiyo itamkinga siku kitambulisho chake kikitumika kusajili laini au kuombea mkopo wa simu. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 inautambua udanganyifu wa kielektroniki kuwa kosa la jinai, kwa hiyo anayestahili kuogopa polisi ni yule wa upande wa pili.

Mkalimani wa Arua

Nataka kuongeza habari za kazi ya lugha, kwa sababu ni eneo ambalo mnunuzi anaonekana na ambalo Waganda tuna mtaji tusioutazama vizuri. Kiswahili kiliingizwa kwenye Katiba yetu kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha utekelezaji wake kuwa lugha rasmi kwa mujibu wa maagizo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini soko la kweli limetangulia serikali. Mashirika ya misaada, kampuni za dawa zinazofanya utafiti, watengeneza programu za simu na wale wanaofunza mashine kuelewa sauti wanahitaji tafsiri na unukuzi wa Kiswahili, Kiluganda, Kiacholi, Kilugbara na lugha nyingine zetu. Mtu anayejua vizuri lugha mbili au tatu, na anayeziandika kwa tahajia sahihi, ana kitu cha kuuza. Anayezungumza tu lakini haandiki vizuri hana budi kujifunza kwanza, na hili nalisema bila kupaka sukari kwa sababu nimepitia kazi nyingi za vijana ambazo mteja asingezipokea.

Wafasiri wengi huanzia ProZ, tovuti iliyopo tangu 1999. Humo kuna sehemu inayoitwa Blue Board ambako wafasiri huandika ni wakala yupi analipa na yupi halipi. Kabla sijajibu barua pepe ya wakala nisiyemjua hutazama huko kwanza, kisha hulinganisha anwani ya barua pepe na tovuti ya kampuni, herufi kwa herufi, kwa sababu matapeli hupenda kujifanya wakala maarufu kwa kuongeza kistari au kubadili herufi moja. Tarehe ambayo jina la tovuti lilisajiliwa nayo huonekana bure kwenye ukurasa wa utafutaji wa ICANN, shirika linalosimamia majina ya tovuti, na kampuni inayojigamba kuwa na "uzoefu wa miaka 20" huku tovuti yake ikiwa na wiki tatu haihitaji uchunguzi zaidi.

Katika fani yetu kuna utapeli wa namna mbili ambao hautajwi sana. Wa kwanza ni wizi wa wasifu: mtu anachukua wasifu wako, anabadili barua pepe, anaomba kazi kwa jina lako, anafanya tafsiri mbovu kwa mashine na kulipwa, na sifa mbaya inabaki kwako. Kwa hiyo wasifu unaotumwa kwa usiyemjua usiwe na tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho wala sahihi. Wa pili ni malipo ya kuzidi. Mteja anasema amekutumia hundi au malipo makubwa kuliko mliyokubaliana, anaomba radhi, anaomba umrudishie ziada. Hapa Uganda imechukua sura ya ujumbe bandia wa pesa za simu unaofanana kabisa na ule wa mtandao wako. Ukiambiwa umepokea fedha, usisome ujumbe. Angalia salio lako mwenyewe kwa *165# ukiwa MTN au *185# ukiwa Airtel.

Kuhusu majaribio ya bure: ukurasa mmoja wa majaribio ni jambo la kawaida. Ukipewa kurasa kumi na mbili, wewe ndiye unayefanya kazi yenyewe.

Kijana wa Kasese

Mzee Mkalimani, shikamoo, na asante. Nina swali jingine. Kuna mtu kutoka nje ameniandikia kwamba atanilipa 250,000 kila mwezi nikimruhusu atumie akaunti yangu ya Upwork. Sitafanya kazi yoyote, ni kumpa tu nenosiri na kumsaidia pale kamera inapotakiwa kuthibitisha sura. Mnunuzi hapa yupo, ni yeye mwenyewe.

Fundi wa Ntinda

Mnunuzi yupo kweli, lakini tazama anachonunua: ananunua jina lako, sura yako na kitambulisho chako. Akiiba kazi au fedha za mteja, au akiingia kwenye mifumo ya kampuni asikoruhusiwa, anayejulikana ni wewe, na yeye hana hata jina unaloweza kumpa polisi. Jukwaa lenyewe linakataza jambo hilo, na ukifungiwa kwa sababu hiyo usitarajie kufunguliwa akaunti nyingine kwa kitambulisho kile kile.

Ndugu yake ni yule anayeomba apokelee fedha kwenye laini yako, uzitoe kwa wakala, umtumie sehemu nyingine na ubaki na asilimia kumi. Wanaiita kazi ya "mhasibu wa malipo" au "wakala wa malipo wa kanda". Fedha hizo mara nyingi ni za mtu mwingine aliyetapeliwa, na laini imesajiliwa kwa jina lako. Sheria ya Kupambana na Utakatishaji Fedha ya 2013 haitakuuliza kama ulilipwa vizuri.

Mkongwe wa Nakawa

Nawasoma tu, lakini naona mnawapa vijana matumaini ambayo gharama zake hamzitaji. Tangu Julai 2021 bando lina ushuru wa asilimia 12, na juu yake kuna VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Umeme unakatika, tangu Aprili 2025 tuko na UEDCL, shirika la serikali la kusambaza umeme, badala ya kampuni iliyoitwa Umeme, na mteja wa ng'ambo hataki kujua habari hizo. Kompyuta nzuri ni fedha ya kuanzishia kibanda cha chapati chenye wateja wa uhakika kila asubuhi. Je, hizi kazi za nyumbani si za watoto wa watu wenye nafasi?

Mhariri wa Mbale (mleta mada)

Mzee wangu, hoja yako ni nzito na sitaipuuza. Ni kweli kwamba kazi hizi zina mtaji, na mtu asiye na kompyuta wala mahali penye umeme wa kuaminika asikope ili aanze. Aanzie kwenye maktaba, chuoni au kwa rafiki, ajue kwanza kama kazi yenyewe anaiweza. Miezi ya mwanzo mara nyingi huleta fedha kidogo au haileti kabisa, na tangazo linaloahidi mshahara kamili tangu wiki ya kwanza kwa mtu asiye na ujuzi ni la kutiliwa shaka kwa sababu hiyo tu.

Nitaongeza jambo ambalo hukulisema. Hata kampuni halali huondoka. Remotasks, iliyowapa vijana wengi wa Kenya kazi za kupanga data za kufunzia mashine, iliwafungia akaunti ghafla mwezi Machi 2024. Haikuwa tapeli; iliamua tu kuondoka, na aliyekuwa anaitegemea peke yake akabaki mikono mitupu. Ndiyo maana nawashauri vijana wasitegemee jukwaa moja, na watoe fedha zao mara zinapofika kiwango cha kutolewa badala ya kuziacha zijikusanye huko. Kwa walio kaskazini, kampuni ya Sama imekuwa na ofisi Gulu kwa kazi za namna hiyo. Mtu anakwenda ofisini, hafanyii nyumbani, lakini kwa asiye na kompyuta wala umeme wa uhakika mpango wa namna hiyo unaweza kumfaa zaidi.

Chapati sizidharau. Kibanda cha chapati kinafaulu kipimo changu vizuri kuliko nusu ya matangazo yaliyoko Telegram.

Dada wa Busia

Mimi nauliza kuhusu matangazo ya Umoja wa Mataifa na mashirika makubwa, "fanya kazi ukiwa nyumbani", wanaotaka 80,000 za uchunguzi wa afya. Na pia kuna kazi ya huduma kwa wateja mtandaoni, ila mafunzo yanafanyika Thailand na nauli wanalipa wao.

Wakili wa Masindi

La kwanza ni jepesi: mashirika ya Umoja wa Mataifa hayatozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri, na nafasi zao zote ziko kwenye tovuti zao.

La pili, dada yangu, tafadhali usilipitie harakaharaka. Kazi ya mtandaoni inayokulazimu kupanda ndege kwenda kusini-mashariki mwa Asia ndiyo njia ambayo watu wengi wamefikishwa kwenye kambi za utapeli mpakani mwa Thailand na Myanmar, wakanyang'anywa pasipoti na kulazimishwa kutapeli wengine kwa simu na kompyuta. Mwanzoni mwa 2025, maelfu walipotolewa kwenye kambi za eneo la Myawaddy, Waganda walikuwamo. Wakala halali wa kazi za nje ana leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na orodha yao iko wizarani. Uliza pia kwa nini kazi ya kujibu simu za wateja, ambayo ingefanyika Busia kwa kompyuta, inahitaji nauli ya ndege.

Mhasibu wa Mbarara

Kwa ambao fedha zao zimeshakwenda, muda ndio kila kitu. Piga 100 mara moja kwenye mtandao wako na utoe namba ya muamala. Kama mpokeaji hajazitoa kwa wakala, kuna uwezekano wa kuzuiwa. Andikisha polisi, chukua namba ya SD. Kisha jihadhari na wimbi la pili: ukilalamika hadharani watakuja watu wanaojiita wapelelezi wa mtandao au mawakili wa kurejesha fedha, wanaotaka ada kidogo ili wakurudishie zote. Mara nyingi hao ni wale wale, au wamenunua orodha yenye jina lako.

Na kwa wanaolipwa kihalali, Payoneer, huduma ya kupokea malipo kutoka nje, hupeleka fedha kwenye akaunti ya benki ya hapa, lakini jina lazima lifanane. Kitambulisho chetu hutanguliza jina la ukoo, benki nyingine huandika kinyume, na wengine wana jina la ubatizo kwenye benki ambalo halipo kwenye kitambulisho. Rekebisheni hilo kabla ya malipo ya kwanza, kwa maana likigunduliwa fedha zikiwa njiani ni safari za benki kila siku. Namba ya mlipakodi, TIN, hutolewa bure na URA, Mamlaka ya Mapato ya Uganda. Anayekutoza kwa ajili yake anakuuzia kitu cha bure.

Mama wa Bombo

Wanangu, Mungu awabariki. Tulikwenda polisi jana, tumepewa namba. Wale watu walipiga tena mara mbili, binti hakupokea, na leo namba yao haipatikani. Sasa anauliza kama kuchapa kwake kwa haraka kunaweza kumfaa kwa ile kazi ya kunukuu sauti. Anajua Kiswahili, Kinubi na Kiingereza, na Kiluganda anakielewa.

Mkalimani wa Arua

Mama, achukue dakika kumi za mjadala wa redio wa Kiswahili wenye wasemaji wawili au watatu, auandike neno kwa neno, aweke majina ya wasemaji na muda kila mtu anapoanza kusema, kisha anitumie kupitia ujumbe wa ndani wa jukwaa hili. Aandike pia imemchukua saa ngapi, maana hilo ndilo litakaloonyesha kama malipo ya kampuni yoyote yanamfaa. Mwanzo akitumia saa nzima kwa dakika kumi asishangae. Nitampa masahihisho, na yakiwa machache nitamwonyesha kampuni tatu zinazotoa majaribio ya kuingia bila ada. Jina la ukoo na picha ya kitambulisho asiniandikie, sivihitaji.

Mama wa Bombo

Ameanza kutafuta redio. Tutakutumia akimaliza.